Siwezi Kuwatoa Abiria Kwa Video

Wasee, niseme mapema ndio tusipoteze muda. Kama unataka likizo ya boti, uko miaka ishirini na kitu, na mfuko wako unafanana na wangu, usikodi boti. Nenda Lamu, upande boti ya abiria ya kwenda kisiwa cha Pate. Kaa katikati ya magunia ya vitunguu, mitungi ya gesi na watoto wa watu waliolala, na ufike saa ile maji yameamua utafika. Hiyo ndiyo likizo. Ile ingine ni kupigwa picha.

Naandika hii kwa sababu kuna kazi nimekataa, na wengi wenu mmeniuliza inboksi kwa nini ile video ya Pate niliyowaambia inakuja haijatoka. Nitafika hapo. Kwanza nieleze vile mtu wa Kitale, mahali bahari tunaiona kwa kalenda ya ukutani, alijipata anabishana kuhusu boti.

Ilianza na video za Uingereza. Nadhani mmeziona. Mtu amesimama nyuma ya boti refu jembamba kama bomba, kikombe cha chai mkononi, anapita mashambani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna drama. Kuna bata. Saa nzima hakuna kitu kinafanyika na bado hubonyezi kutoka. Usiku wa Julai huku kwetu, baridi ile ya kuvaa soksi mbili, nilikuwa nazitazama mpaka bando inaisha.

Boti hizo zina upana wa mita 2 na kidogo, lakini urefu unaweza kufika zaidi ya mita 21. Ziko hivyo kwa sababu mifereji yenyewe ni myembamba. Ilichimbwa kwa sururu na koleo kuanzia karne ya 18 kubeba makaa ya mawe na mizigo ya viwandani, boti ikivutwa na farasi anayetembea kando ya maji. Leo mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa. Mahali mfereji unapanda kilima kuna milango ya maji: unaingiza boti kwa chumba, unafunga nyuma, unaachilia maji yajae, boti inainuka, unatokea juu. Watu wanachukua wikendi ndefu ama siku nne hivi, wanaenda mpaka mji wa soko wa zamani kama Devizes ama Skipton, wanafunga boti, wanazunguka soko, wanakula, wanageuza wanarudi. Basi. Hiyo ndiyo likizo yenyewe, na msimu wa joto unaweza kulipa pauni 1,000 na zaidi kwa wiki moja. Badilisha hiyo kwa shilingi ndio ujue usingizi umeisha.

Nikamtumia rafiki yangu wa Bungoma klipu moja. Tulikuwa darasa moja campus kabla mimi niache. Akajibu: "Kwani sisi hatuna Nzoia? Tutoke na boti huko kwenu, tupitie Webuye, tushukie Mumias soko."

Ilikuwa mzaha, lakini tulikaa nao wiki mzima. Mto ni kweli unapita hivyo. Unatoka Cherangany, unazunguka Trans Nzoia, unashuka Bungoma, unapita karibu na Mumias, unaishia ziwani upande wa Port Victoria. Kwa ramani ni mfereji kabisa. Shida ni mteremko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Sasa, pale Devizes kuna mlolongo wa milango 29 unaitwa Caen Hill, unainua boti mita 72, na kuumaliza ni kazi ya karibu siku nzima. Piga hesabu. Kutushusha sisi mpaka ziwani kungetaka milango zaidi ya 300, na hapo bado hujauliza utafanya nini na Nabuyole, yale maporomoko ya Webuye. (Na kuna watu huwa wanasema nilitoka campus kwa sababu ya hesabu. Nilitoka kwa sababu ya karo, asanteni.)

Lakini kuhusu Mumias rafiki yangu hakuwa anacheza. Mumias ilikuwa soko kabla Kitale na Bungoma hazijawa miji. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa inafika kwa Nabongo wa Wanga kutafuta pembe za ndovu, kupumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea Uganda. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883 akiwa na wapagazi wa pwani. Miaka ya 1890 Waingereza wakaweka kituo chao hapo hapo, kwa sababu njia zote zilikuwa zinapita hapo. Halafu reli ikafika Kisumu 1901 bila kupitia Mumias. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Miaka hiyo hiyo ya 1920 reli ya kwenda Uganda ikapita Bungoma, na Bungoma ikaanza kunenepa. Mumias ikabaki na jina, misikiti na baadaye miwa, na siku hizi hata miwa ni stori ndefu.

Hapo ndipo nilishikwa. Watu wa pwani walitembea mamia ya kilomita, mzigo kichwani, mpaka kwetu. Sisi tuna basi la usiku lenye chaja ya simu, na ukituuliza pwani ni nini tunasema Diani. Kwa hivyo tukaamua tutafute mji wa aina ya Mumias, ule uliokuwa mkubwa halafu biashara ikahama, lakini mji unaoufikia kwa maji membamba. Kenya nzima, jibu nililopata ni moja: Pate, kupitia Mkanda.

Fungua ramani. Lamu ni kisiwa. Kando yake kuna kisiwa kingine, Manda. Kati ya Manda na bara kuna mlango mwembamba wa bahari, mikoko kushoto na mikoko kulia, na huo ndio Mkanda. Boti za kwenda Pate, Siyu, Faza na Kizingitini hupita humo. Hakuna milango ya kufunga na kufungua. Maji yenyewe ndiyo mlango: yakijaa unapita, yakipwa unangoja, ama uzunguke Manda kwa nje ukakutane na mawimbi ya bahari kubwa.

Safari ya kutoka Kitale sitaipamba. Basi usiku kucha mpaka Nairobi. Treni mpaka Mombasa. Tukalala kwa binamu ya mamangu Kisauni, ambaye alitulisha kama watu waliotoka vitani. Asubuhi basi la Lamu: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na vizuizi vya polisi ambapo mnashuka na vitambulisho mkononi. Barabara hiyo imewahi kuwa na shida ya usalama, kwa hivyo uliza hali ikoje kabla ya kukata tiketi, na usitoke nyumbani bila kitambulisho. Mokowe lami inaisha, unavuka na boti ndogo mpaka Lamu mjini. Ukihesabu vizuri, tulikuwa na siku tatu za maji na karibu nne za barabara. Wa Devizes wangetucheka.

Jioni hiyo tukauliza boti ya Pate inatoka saa ngapi kesho. Jibu: maji yakijaa. Sawa, lakini ni saa ngapi? Jamaa akatutazama kwa huruma, akatupigia hesabu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo kuna maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Ratiba ya juzi haikusaidii leo. Mimi nimekulia mathree za Kitale–Webuye zinazotoka zikijaa watu. Hii inatoka bahari ikijaa. Nilielewa haraka.

Ndani ya boti kulikuwa na godoro jipya bado limefungwa nailoni, sanduku la mwanafunzi wa bweni, kreti za soda, mtungi wa gesi, mbuzi mmoja aliyekuwa mtulivu kuliko sisi, na kijana wa kama miaka kumi na mbili anarudishwa nyumbani kutoka hospitali, mguu kwa plasta. Alikuwa amewekwa kwa godoro. Mama aliyekaa karibu nasi akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Kitale na Bungoma.

"Kitale ndiko kwenye mahindi?"

Ndiyo, mama.

Akagonga balo la unga lililokuwa miguuni pake. "Basi mwanangu, ukirudi waambie bei imezidi."

Boti nzima ikacheka. Sikuwa na jibu, kwa sababu nimekua nikiona wazazi wangu wakiuza gunia kwa bei ya kutupa mwezi wa Novemba. Sijawahi kuufuata unga wetu mpaka mahali unashuka kwa lori, unavushwa kwa boti, unabebwa na punda, na kila hatua mtu anaongeza yake. Hakuna mwalimu aliwahi kunionyesha hiyo kwa ubao. Mama akatoa mahamri, akatugawia. Halafu akamwambia rafiki yangu ahame upande mwingine kwa sababu maji yatamrukia. Akakataa kuhama. Yakamrukia.

Ndani ya Mkanda wenyewe nahodha anapunguza injini. Mikoko inasogea karibu mpaka unaona kaa kwenye mizizi. Sauti za watu zinashuka, si kwa sababu ya heshima fulani, ni vile tu injini imenyamaza na kila mtu anasikika. Hapo ndipo nilikumbuka video za Uingereza, ule mwendo wa kuona kila kitu mara mbili. Ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuja kupumzika isipokuwa sisi wawili. Wengine wote walikuwa wanaenda nyumbani.

Mkanda ukiisha unatokea kwenye ghuba ya Manda, na kitu cha kwanza unaona ni kreni. Bandari ya Lamu, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Nilipoinua simu kurekodi, mzee aliyekaa mbele akaniambia nisirekodi kreni peke yake, nigeuze na huku, walipokuwa wakivua. Nikageuza. Kwa video ni maji tu, hakuna kitu cha kuona. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi huo, kwa hivyo hayo maji matupu yana bei, na aliyeketi mbele yangu anaijua kuliko kreni inavyoijua.

Tulishukia Mtangawanda, tukatembea karibu saa moja mpaka mji wa Pate.

Sasa nisikilizeni. Huu mji ulikuwa kitu. Masultani wa Nabahani walitawala hapa, na kuna wakati Pate ilikuwa inashindana na Mombasa. Wareno walikuja kununua nguo za hariri zilizofumwa hapa. Mwaka 1728 Bwana Mwengo alitungia hapa Utendi wa Tambuka, moja ya tungo ndefu za zamani zaidi za Kiswahili tulizo nazo kwa maandishi. Baadaye mji ulikuwa umeanguka vibaya kiasi kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi, na magofu ya Pate ndiyo mfano wake mkubwa wa utajiri unavyoisha. Fikiria mtaa wenu uwe maarufu kwa kuporomoka mpaka mtu autungie shairi linalosomwa miaka mia mbili.

Kilichoumaliza ni vita, ugomvi wa ndani, na pia maji. Mnamo 1812 ama 1813 Pate na Wamazrui wa Mombasa walienda kuipiga Lamu, wakashuka Shela. Inasimuliwa kwamba walipozidiwa wakakimbilia majahazi yao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, na wengi wakauawa hapo ufukweni. Nikiwa nimekaa kwa boti iliyokuwa inangoja sentimita chache za maji ndio itoke, hiyo stori haikunionekania ya zamani sana.

Leo unatembea Pate kwa vichochoro vya upana wa mabega mawili, kuta za matumbawe, mlango wa kuchongwa hapa, kuku pale. Ukitoka kidogo nje ya nyumba za watu unaingia kwa magofu, na ndani ya magofu, kati ya kuta za vyumba vya matajiri wa zamani, wamepanda tumbaku. Majani mapana ya kijani mahali palipokuwa sebule. Hakuna tiketi, hakuna kamba, hakuna duka la fulana. Soko nililotarajia, lile la picha, halipo. Kuna maduka yenye sabuni, biskuti na kredo ya simu. Tulilala nyumbani kwa watu, kwa malipo tuliyokubaliana, tukala wali na samaki wa nazi, na jioni wazee wakatuuliza maswali mengi kuhusu Mlima Elgon kuliko sisi tulivyowauliza kuhusu masultani.

Sasa kazi.

Tuliporudi Lamu nikaweka klipu fupi, ile ya Mkanda na kijana wa plasta, kwa idhini yake na ya babake. Ikaenda vizuri. Siku mbili baadaye mtu anayeuza vifurushi vya safari akanipigia. Ana kifurushi cha usiku mbili, boti ya kukodi, mito meupe, sahani ya matunda. Alitaka nichukue video zangu hizo hizo nizikate upya zionekane ni boti yake. Malipo elfu kumi na tano. Kwangu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na niliwaza sana. Sharti lake lilikuwa moja. Abiria wasionekane. "Wanafanya boti ionekane kama matatu," alisema.

Lakini ni matatu! Hiyo ndiyo maana ya hicho chombo. Ukiwatoa watu, godoro, balo la unga na mbuzi, umebaki na mikoko na mimi, na mimi si mzuri hivyo.

Mtaniambia ni biashara tu, kila mtu anapamba. Mimi mwenyewe napamba, nimewahi kupiga picha ya chai ya kibanda mpaka ikakaa ya hoteli. Hapa ni tofauti. Wale wanaonitazama wengi ni wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wako Kitale, Kimilili, Webuye, na wananiandikia wakiuliza "itacost ngapi". Nikiwaonyesha boti tupu na mito meupe, nimewaambia mlango ni wa maelfu na hawaingii. Ukweli ni kwamba nauli ya kiti kimoja ni mia chache, pesa wanayomaliza Jumamosi moja kwa soda na chipsi. Gharama kubwa ni kufika Lamu, na hiyo mtu anaweza kuiwekea akiba mwaka mzima. Video ya uongo ingewafungia safari pekee ya boti ambayo wanaweza kuilipia.

Na kuna jambo la mifereji ya Uingereza ambalo zile video hazisemi sana. Kwenye hizo boti nyembamba waliishi watu. Familia nzima, baba, mama, watoto, kwa chumba cha nyuma cha urefu wa kama mita 3, sehemu yote iliyobaki ikiwa ya makaa. Watoto walikosa shule kwa sababu boti haikai mahali pamoja. Reli na malori yakawanyang'anya mzigo, mifereji mingi ikaoza, na ni watu wa kujitolea, hasa baada ya 1946 walipounda chama cha kuitetea, waliopigana isifukiwe. Ule wa kwenda Devizes ulifunguliwa tena rasmi 1990. Leo ni mizuri, imesafishwa, ina bata. Lakini ikawa ya likizo baada ya watu wake kuondoka. Mkanda bado una watu wake. Sioni kwa nini mimi niwe wa kwanza kuwafuta, tena kwa simu yangu mwenyewe.

Rafiki yangu wa Bungoma hatukubaliani. Yeye anasema ninajifanya mtakatifu na kodi yangu imechelewa. Anasema pia, na hapa ana pointi, kwamba nahodha anapata zaidi kwa boti moja ya kukodi kuliko kwa safari kadhaa za abiria, na kwamba tukienda ishirini kwa pamoja kupanda boti ya wenyeji tutawanyima viti watu wanaorudi kutoka hospitali. Nimefikiria hiyo. Mkiwa kundi kubwa, kodini, mlipe nahodha wa hapo hapo mkononi, msipitie mtu wa katikati. Mkiwa wawili ama watatu, pandeni na watu, na boti ikijaa nyinyi ndio wa kusubiri safari ijayo, kwa sababu nyinyi ndio hamna haraka. Mvae majaketi ya kuokolea. Kama hayatoshi, shukeni, hata kama mmeshalipa.

Kuhusu kurekodi: Pate si studio. Wanawake wengi hawataki sura zao mtandaoni, na watu walioketi barazani kwao wako nyumbani kwao. Uliza kabla ya kuinua simu, ukikataliwa weka mfukoni. Vaa nguo za kufunika. Sikuwa na shida yoyote kwa kufanya hivyo, na nilipata video nyingi kuliko zile ningeiba.

Najua pia komenti ingine iko njiani, kwa sababu kwetu nyumbani ilishafika: umeacha campus, huna kazi ya maana, halafu unaenda kustarehe Lamu? Mamangu aliisema kwa upole, mjomba akaisema bila upole. Sina ugomvi nao. Kwa kizazi chao safari ni ya mazishi, harusi ama kutafuta kazi, na mtu akionekana kwa basi bila sababu hizo tatu anaulizwa. Lakini mimi nimekuwa nikiambiwa nipumzike nikishapata kazi, na wenzangu waliomaliza campus wamekaa nyumbani mwaka wa pili sasa wakingoja hiyo kazi ndio waanze kupumzika kutoka kwa kutofanya kazi. Niliweka mia mbili kila wiki kwa mwaka na zaidi, nikaenda, nikarudi. Nilimletea mamangu mahamri ya Lamu yakiwa yamekauka kama matofali. Akayachovya kwa chai, akasema afadhali ya mandazi ya stendi, kisha akataka nimweleze vizuri yule mama wa balo la unga alisema bei ni ngapi. Nilipomwambia akaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo ananiuliza kama yule mama ana simu.

Video inatoka Ijumaa. Ina abiria. Wawili walikataa, nimewakata. Kijana wa plasta alikubali, lakini kwa sharti lake: mguu uonekane.